Mtu Aliyetoboa Mitungi Yetu

Simu ilinikuta Modogashe, nimelala chali chini ya lori langu nikimwonyesha fundi mahali mafuta yanapovuja, maana mimi simwachii mtu kazi nisiyoijua mwenyewe. Aliyepiga ni binamu wa marehemu, na hakuzungusha maneno. "Yule wa mitungi amefariki asubuhi. Tunamzika kabla ya alasiri." Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, nikatoka chini ya lori mgongo umejaa grisi, nikaingia kwenye pikapu na kumwambia dereva asilale. Barabara ile nimeipita tangu ilipokuwa mchanga mtupu, na bado ilinishinda. Nilipofika Garissa, udongo ulikuwa umeshamfunika. Watu walikuwa wanakung'uta mikono. Nikasimama pale, mtu mzima mwenye malori yake, nikamwombea dua huku nikinuka kama gereji. Mzee mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu akamaliza kuomba, akajipangusa uso, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na sasa nani atatutobolea mitungi?" Tulicheka, pale pale makaburini, halafu tukaona haya. Lakini swali lile lilipanda gari nami mpaka nyumbani, likakaa sebuleni, likakataa kuaga.

Ninyi mnaoisoma safu hii mnanijua. Niliacha shule kabla sijajua kugawanya, nikaswaga mbuzi wa watu, nikalala juu ya magunia ya watu, na leo malori yangu yanapeleka mifugo Nairobi na pikapu zangu zinaleta maziwa ya ngamia kutoka Hadado mpaka Wajir na hata hapa Garissa. Hakuna aliyenishika mkono. Hata mhariri wa gazeti hili alinisikia nikibishana redioni akanitafuta yeye, mimi sikumwomba. Nasema haya ili mjue kwamba mimi si mtu wa kutishika kwa maneno, na kwamba marehemu ni mmoja wa wachache sana walionishinda kwa hoja mbele za watu. Tena nasema kwa sababu nyingine. Binti yangu wa kwanza yuko nyumbani kwangu sasa hivi. Ana mimba, ya kwanza, na amerudi kujifungulia kwa mama yake kama wasichana wetu wanavyofanya. Kila asubuhi mama yangu mzazi, ambaye hamwachii yeyote kazi hiyo, anammiminia bilauri ya maziwa ya ngamia. Kwa hiyo swali la yule mzee halikuwa swali la soko tu. Lilikuwa jikoni kwangu.

Marehemu alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Mtu mrefu, mkavu, ndevu zimetiwa hina, mwenye mdomo. Hakuwa rafiki yangu, nisiwadanganye; alikuwa mtu ninayenunua kwake na kugombana naye. Duka lake lilijulikana kwa mambo mawili: dawa yake ya kupe ilikuwa kamili, haikutiwa maji, na mtungi mtupu haukutoka mikononi mwake ukiwa mzima. Sasa msomaji wa Nyeri au Tanga anaweza kujiuliza mtungi mtupu una nini. Huku kwetu mtungi ni mali. Kutoka Diff mpakani hadi huku mtoni, maji hubebwa, maziwa hubebwa, na ule mtungi mgumu wa bluu wenye mdomo mpana, unaokuja na dawa ya kuoshea mifugo, ndio kila mama wa maziwa anaoutamani kwa sababu mkono unaingia mpaka chini. Maduka mengine huutoa kama bahashishi: nunua dawa, mtungi ni zawadi ya mama. Na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu tuna moshi. Mama zetu hawaoshi chombo cha maziwa kwa maji peke yake. Huwasha vijiti vya mti wanaoujua wao, huingiza makaa ndani ya chombo, hukitikisa, hukifunga mdomo moshi uzunguke humo, kisha humwaga majivu. Maziwa yakiwekwa humo hayaharibiki upesi, na yana ladha ambayo mtoto wa kwetu akiikosa huko Nairobi anaweza kulia. Bibi zetu walifukiza hivyo vyombo vya kusuka na vya mti, na moshi haukuwahi kuwaangusha. Basi tukaamini kwamba moshi unasafisha kila kitu, hata kile ambacho bibi zetu hawakukijua.

Yule bwana alikuwa na sheria yake: huuziwi mtungi mpya wa dawa mpaka urudishe ule mtupu. Akiupokea huusuuza vizuri, maji yale huyamwaga ndani ya pampu ya kunyunyizia ili yaende kwa kupe na si kwingine, halafu huchukua kipande cha nondo alichokichonga ncha, huuegemeza mtungi ukutani, na pu! Umekwisha. Siku moja nilienda kwake mikono mitupu.

"Waryaa," nikamwita, kama wanaume wetu wanavyoitana, "nipe dawa. Kupe wanamaliza ngamia wangu."

"Mtungi wa juzi uko wapi?"

"Uko kwa mama."

"Unafanya nini kwa mama?"

"Unaweka maziwa. Usiwe na wasiwasi, ameufukiza vizuri."

"Na nyoka akifukizwa vizuri, utamfunga kiunoni?"

Waliokuwa wanasubiri wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwuliza kama anajua anaongea na nani, na ni ngamia wangapi ninaowanunulia dawa pale kwake. Akasema, "Ndiyo maana nautaka. Mwenye ngamia wengi ana mitungi mingi." Nikaondoka kwa hasira, nikanunua dawa kwa mwingine, tukanyunyizia, na kupe wakaendelea kunenepa. Nikarudi nimebeba mtungi wa mama, umefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Akaufungua, akaingiza pua, akafumba macho. "Wallahi mama yako ana mkono. Hata nimeona kiu." Halafu, pu! "Mwambie niliusifu kwanza." Nilipomfikishia mama salamu hizo, alisema mtu huyo bila shaka alinyonyeshwa na punda, na tangu siku ile halitaji duka lile pale nyumbani bila kutema mate kando.

Ilifika mahali kina mama wa maziwa wakamshtaki kwa wazee wa soko. Anatuharibia vyombo, walisema, anatuona wachafu. Siku ya kusikizana nilikuwepo, tena mbele, kwa sababu pikapu zangu ndizo zinazobeba maziwa na sipendi mambo yaamuliwe nyuma yangu. Marehemu hakutoa hotuba. Alimwita yule mama aliyesifika kuliko wote kwa kufukiza, mwanamke mnene wa maneno makali, akampa mtungi mtupu wa dawa. "Eeddo," akamwambia, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "ufanye kama unavyofanya kwa maziwa ya mkwe wako." Yule mama akaosha, akaosha tena kwa sabuni, akafukiza mpaka tukatokwa machozi, akatupitishia tunuse. Ulinukia kama harusi. Marehemu akatia maziwa humo, akayaacha huku watu wakinywa chai, halafu akayamimina kwenye sinia. Kando yake akaweka sinia nyingine yenye maziwa ya chombo cha yule mama mwenyewe, chombo cha kusuka. Soko la mifugo halina upungufu wa inzi. Walikuja kwenye sinia zote mbili bila ubaguzi. Kwenye moja walikunywa, wakasugua mikono yao, wakaruka zao. Kwenye nyingine walikunywa, wakaanza kuzunguka kama walevi, wakalala migongo.

"Umetuletea inzi wagonjwa kutoka Wajir!" nikapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

"Lete wako kutoka Nairobi," akanijibu bila kugeuka. "Tunawangoja."

Yule mama wa maziwa hakucheka. Aliinama juu ya sinia, akanusa, akanusa tena. "Sisikii dawa," akasema polepole. "Nasikia moshi wangu tu."

"Ndiyo hivyo, eeddo. Moshi wako ni mzuri mno. Umeificha dawa, haukuitoa."

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi nikasimama katikati, nikajipiga kifua. Nikawaambia nimenyunyizia ngamia kifua wazi tangu sijaota ndevu, nimekunywa maziwa ya mitungi hiyo hiyo, na nitazameni: nina afya, nina watoto, nina malori. Mimi si inzi! Sasa marehemu akageuka, akasema, "Njoo tunywe chai, Bwana Si Inzi." Jina hilo lilinifuata sokoni kwa muda mrefu, na wapo wanaoliita mpaka leo, kwa sauti ya chini.

Kibandani akaniagizia chai, akaniuliza kama naijua abtirsi yangu, yaani ile nasaba tunayofundishwa utotoni, jina la baba, la baba yake, la baba wa huyo, kwenda juu. Kuniuliza mimi hivyo ni kunitukana. Nikamtolea majina yote kwa pumzi moja, mpaka yule babu aliyevuka na ngamia wake akaja kuwanywesha kwenye visima vya Wajir. "Mashallah," akasema. "Sasa nihesabie mama zako." Nikasema jina la mama, la mama yake, la mama wa huyo, nikakwama.

"Umeishiwa mafuta karibu na nyumbani," akasema. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia msikitini, shuleni wala sokoni. "Ayeeyo yako, bibi aliyemzaa mama yako, alipokuwa na mimba yake, yule msichana aliye tumboni alikuwa ameshaumbiwa mayai yake yote, kabla hajazaliwa. Katika hayo, moja ndilo ulilotokea wewe. Kwa hiyo wewe, tajiri, ulipita tumboni mwa ayeeyo yako. Akinywa kitu siku zile, walikuwa wanakunywa watatu. Unatupigia kifua kuonyesha kwamba dawa haikukudhuru. Nani amekwambia ni wewe unayeulizwa?"

"Na haya umeyatoa wapi?"

"Kwa daktari. Nilikuwa na sababu ya kumwuliza."

Sababu ilikuwa dada yake wa kule Hadado. Zamani naye marehemu aligawa mitungi kama wengine, na wa kwanza kabisa kupata ule wa bluu alikuwa dada huyo. Akalea nao watoto wake. Mmoja alikufa mchanga, kwa kutapika na kutetemeka, na watu wakasema ni homa. Binti aliyebaki alikua, akaolewa, na kila akishika mimba inatoka. "Nilimwuliza daktari kama ni mtungi wangu," aliniambia, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Akasema hawezi kuapa. Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Nikamwambia sawa, mimi pia siwezi kuapa. Lakini sihitaji kiapo ili nishike nondo."

Mimi si mtu wa kumeza neno la mwenye duka. Nilienda hospitali mwenyewe nikamtafuta daktari huyo huyo, msichana wetu wa hapa hapa ambaye nilimjua akiuza mayai ya kuchemsha na mama yake. Nikamwambia, anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeishia darasa la nne, na asinifiche kitu. "Adeer," akasema, na mimi ni kama baba yake mdogo kweli, "unaukumbuka loox, ubao wa chuoni?" Nani wa kwetu asiyeukumbuka ubao ule, tulioandika Kurani juu yake kwa wino wa mkaa, tukauosha, tukaandika tena. "Jeni ni kama herufi zilizoandikwa pale. Unazirithi kwa baba na mama. Lakini juu na chini ya herufi kuna alama ndogo zinazokwambia herufi isomweje. Mwili nao una alama zake juu ya jeni, zinazosema hii isomwe, hii inyamaze. Kuna sumu zinazoharibu herufi zenyewe. Kuna nyingine hazigusi herufi hata moja, zinasogeza alama tu. Ubao ni ule ule, lakini mwili unasoma kingine." Akasema kwa wanyama wa maabara imeonekana alama zilizosogezwa kwa mama zikitokea kwa wajukuu na hata mbele yao, kwa binadamu bado wanachunguza, na yeye hatasema zaidi ya anachokijua. Anachokijua kwa hakika ni kwamba mtoto aliye tumboni ndiye dhaifu kuliko sote mbele ya sumu. Kwamba baadhi ya dawa za zamani hujificha kwenye mafuta ya mwili, jinsi ngamia anavyoweka akiba nunduni, zikaja kutoka na maziwa ya mama baada ya miaka. Kwamba madini ya risasi ya betri kuukuu hukaa mifupani yametulia, na mwanamke akishika mimba madini hayo huamka na kumfuata mtoto. "Na msiwabebeshe wanawake peke yao," akaongeza, akinitazama kifuani kana kwamba alikuwepo sokoni siku ile. "Mbegu ya baba nayo ina alama zake."

Nimeyarudia sana maneno yale tangu tumzike yule mtu. Sisi ni watu wa nasaba. Ukikutana na mgeni kisimani, kabla hujamwuliza habari ya mvua unataka kujua ni mtoto wa nani. Tunaoana kwa nasaba, tunagombana kwa nasaba, tunapiga kura kwa nasaba. Waliotangulia tunawajua mpaka rangi ya ngamia wao. Lakini ni nani kati yetu amewahi kukaa akawafikiria wanaokuja, akajiuliza tunawawekea nini ndani ya chombo? Jaa la takataka linawaka pembeni mwa mji, plastiki na betri na kila uchafu, moshi unaingia madirishani, tunafunga dirisha na kudhani tumemaliza kazi. Vijana wananyunyizia mifugo bila shati. Upepo ukiwarudishia dawa usoni wanacheka, na mimi nilicheka hivyo hivyo. Mbuzi wanakula mifuko, nasi tunakula mbuzi. Tukiambiwa, tunajibu kama nilivyojibu mimi, nitazameni, mimi mzima, utadhani mwili wangu ndio mwisho wa safari. Na asije mtu akaniambia turudi kwenye vyombo vya kusuka. Wanaojua kuvisuka wamebaki wachache, na mimi siililii zamani. Zamani ndiyo iliyonilaza njaa. Plastiki nimeibeba, nimeiuza, sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba mtungi uliotengenezwa kwa chakula upo sokoni, mpya, na anayeshindwa kuununua hashindwi kununua kifungu cha miraa atakachokitafuna kikaisha kabla ya magharibi.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa na wanaume wengine uani kwa marehemu. Nyuma ya duka kuna stoo ya mabati iliyojaa mitungi iliyotobolewa, imepangwa mpaka juu. Miaka yote alikuwa anaihifadhi humo. Kuichoma alikataa, kuitupa alikataa, na waliomuuzia dawa walikataa kuipokea. Akaingia fundi wa kuziba mitungi, mtu wa adabu, akatoa pole, akakaa, akanywa chai. Halafu akamwinamia shemeji wa marehemu.

"Ile mitungi mtaifanyia nini? Ina tundu moja moja tu. Mimi nikiziba kwa plastiki ya moto, hata tone halitoki. Kina mama watapanga foleni kwangu."

Hakuwa na ubaya, wallahi. Aliona mali imelala. Na shemeji alikuwa ameshaanza kukubali kwa kichwa, maana nyumba imefiwa na stoo inahitajika. Nikaiona mitungi ile yote ikirudi sokoni, inafukizwa, inanukia kama harusi, inapanda pikapu zangu. Nikasimama.

"Hiyo mitungi ina mwenyewe."

"Nani?" akauliza shemeji.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Malori yangu yanakwenda Nairobi na mbuzi. Safari hii moja litakwenda na mitungi. Nitaishusha mlangoni mwa waliotuuzia dawa, kwa sababu wao ndio walioileta huku, na wakikataa nitakaa pale pale na nitaandika gazetini jinsi walivyokataa. Leteni panga tuikate katikati, asije mtu akaitamani njiani."

"Na mimi, tajiri?" akasema fundi.

"Wewe ziba ya maji, iliyopasuka haijaisha mjini. Ukiletewa wa dawa, niite."

"Bwana Si Inzi amegeuka," mtu mmoja akanong'ona, na nilisikia, na nikamwacha. Tulikata mpaka mikono ikafanya malengelenge. Mjane wa marehemu, aliye edani ndani ya nyumba, alisikia yote kupitia dirishani. Tulipomaliza akamtuma binti yake mkubwa aniletee kitu kimefungwa kwa kitambaa. Ni ile nondo. "Hooyo anasema hiki hakimo kwenye urithi," akaniambia. "Anasema chukua."

Nilifika nyumbani nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka wake, binti yangu ameegemea ukuta kando yake, bilauri mkononi. Nikafungua kitambaa. Mama akaitambua nondo kabla sijasema neno.

"Umekileta hicho kitu nyumbani kwangu?"

"Hooyo, kuna mtungi mwingine wa bluu. Najua upo."

"Umeuona wapi?"

"Sijauona. Lakini hayo maziwa yametoka wapi?"

Binti yangu akaitazama bilauri, akaiweka chini. Mama akawaka. "Mimi nimekulea kwa mikono hii! Nimefukiza vyombo tangu hujui kutambaa. Leo umekuwa daktari? Yule mnyonya punda amekufa, amekurithisha wewe wazimu wake?" Nikakaa chini mbele yake, mimi ambaye watu husimama nikiingia, nikamweleza habari ya mayai jinsi nilivyoelezwa. Nikamwambia alipokuwa tumboni mwa mama yake, na mimi nilikuwa nimeshaanza safari. Nikamwambia, "Hooyo, kama huyu mtoto wangu amebeba msichana, basi pale alipokaa pana watu ambao mimi na wewe hatutawaona wakizaliwa. Ukimmiminia huyu, umewamiminia wote." Mama akaitazama bilauri, kisha tumbo la mjukuu wake.

"Ni msichana?" akauliza.

"Hatujui bado, ayeeyo," binti yangu akamjibu.

Mama akanyanyuka, magoti yakimlalamikia, akaingia chumbani kwake. Tukasikia sanduku likisogezwa. Akatoka na mtungi wa bluu, unang'aa, unanukia, akauegemeza ukutani yeye mwenyewe. Nikainua nondo. "Ngoja," akasema. Akarudi ndani, akatoka na mwingine ambao hata mimi sikuudhania. "Piga yote miwili. Na kesho uniletee mipya, usiniletee ile ya bei rahisi inayopinda."

Nikapiga yote miwili. Binti yangu nimempeleka kwa yule daktari. Amempima, mtoto anacheza, na ameniambia kile anachoniambia siku zote, kwamba hawezi kuapa. Nami nimeacha kumdai kiapo. Pikapu zangu kuanzia wiki hii hazipakii maziwa yaliyo kwenye mtungi wa dawa, hata mwenye maziwa awe nani, na nondo ya marehemu iko chini ya kiti cha dereva. Yule mzee wa makaburini amejibiwa, basi, lakini nusu tu, maana mimi ni mtu mmoja na mitungi imetapakaa toka hapa mpaka mpakani. Wewe unayesoma, usinitumie pole. Tafuta chuma chenye ncha, nenda nyumbani kwa mama yako, mwulize kwa heshima mtungi wake wa maziwa ulikuja na nini ndani. Ukishaupiga huo, usitoke. Uliza kama kuna mwingine.